Kaburi na Tumbo la Uzazi: Sitiari za Ubatizo kwa Wakristo wa Karne za Kwanza

Katika masomo ya fasihi ya Kiswahili, sitiari hufundishwa kuwa ni tamathali ya usemi inayokipa kitu kimoja jina la kitu kingine pasipo kutumia maneno ya kulinganisha kama vile "kama" au "mithili ya", na mara nyingi huwekwa katika kundi la mapambo ya lugha, mambo ambayo hata yakiondolewa maana ya msingi hubaki palepale. Wakristo wa karne 5 za kwanza hawakuitumia kwa namna hiyo walipozungumzia ubatizo. Waliyaita maji ya ubatizo kaburi, tumbo la uzazi, Bahari ya Shamu na gharika; tendo lenyewe wakaliita mhuri, vazi na mwanga; na majina hayo hayakuwa pambo lililovikwa fundisho lililokwisha kukamilika, bali yalikuwa sehemu ya fundisho lenyewe. Yaliamua mbatizwa avuliwe nini na apakwe nini, yalichora umbo la kisima alimoshuka, na katika karne ya 3 yaliingia katika ugomvi mkali baina ya maaskofu wa Afrika Kaskazini na askofu wa Roma.

Neno ubatizo lina sitiari iliyozikwa ndani yake. Kiswahili kimelipokea kupitia lugha za Ulaya, lakini asili yake ni kitenzi cha Kigiriki baptizein, ambacho kinatokana na baptein, yaani kuchovya, kama fundi anavyochovya kitambaa ndani ya rangi. Baptizein kina uzito zaidi, kwa kuwa Wagiriki walikitumia kwa chombo kilichozama baharini na kwa mtu aliyelewa chakari, na mwandishi Plutarko, aliyeishi katika karne ya 1 na mwanzoni mwa karne ya 2, alikitumia hata kwa mtu aliyezama katika madeni, usemi ambao msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Masikioni mwa watu wa zama hizo, basi, neno hili lilikuwa na hatari ndani yake, hatari ya kufunikwa na kitu kikubwa kuliko nguvu za mtu, na ndiyo maana katika Injili za Marko na Luka Yesu anaweza kuyaita mateso yanayomngoja ubatizo. Anayelisikia leo kuwa ni jina la ibada tu amepunjwa sehemu kubwa ya nguvu zake, na hiyo ni hasara inayostahili kusikitikiwa.

Mtume Paulo ndiye aliyeifikisha hatari hiyo mwisho wake. Katika sura ya 6 ya Waraka kwa Warumi, alioandika karibu mwaka 57, anasema kwamba waliobatizwa wamezikwa pamoja na Kristo, na analisema jambo hilo kama linalopaswa kuwa linajulikana tayari na wasomaji wake. Hoja yake haikuwa kupendezesha ibada, bali kulijibu swali gumu la kimaadili, yaani kama neema huzidi pale dhambi ilipozidi, kwa nini mtu asiendelee kutenda dhambi. Na jibu lote limesimama juu ya sitiari, kwa sababu aliyekufa na kuzikwa hana tena bwana wa kumtumikisha. Hata hivyo Paulo huyohuyo hakujifunga katika kaburi. Kwa Wagalatia ubatizo ni vazi, na vazi hilo ni Kristo mwenyewe. Kwa Wakorintho ni bahari waliyoivuka Waisraeli wakiongozwa na Musa. Na katika Waraka kwa Wakolosai, ambao wataalamu hubishana kama ni wa mkono wake, ni tohara isiyofanywa kwa mikono ya wanadamu. Waraka wa Kwanza wa Petro unaitaja safina ya Nuhu na watu 8 waliookoka ndani yake, Waraka kwa Tito unataja kuoshwa kwa kuzaliwa mara ya pili, na Injili ya Yohana inamleta Nikodemo usiku, akishangaa namna mtu mzima anavyoweza kurudi tumboni mwa mama yake.

Safina na bahari zinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu si sitiari za kawaida. Waandishi hao walilitumia neno la Kigiriki tupos, ambalo kwa asili ni alama inayoachwa na kitu kilichogandamizwa, kama mhuri juu ya nta, wakimaanisha kwamba tukio la kale na ubatizo wa sasa vina alama ileile kwa kuwa mkono uliovigandamiza ni mmoja. Kwa hiyo hawakusema tu kwamba ubatizo unafanana na kuvuka bahari; walisema kwamba Mungu anafanya tena jambo lilelile. Tertuliani wa Karthago, aliyeandika karibu mwaka 200 kitabu cha kale kuliko vyote vilivyobaki kuhusu ubatizo peke yake, aliwajibu watu waliodharau wazo kwamba maji ya kawaida yanaweza kuondoa mauti kwa kuwarudisha mwanzo kabisa, akawakumbusha kwamba katika simulizi ya uumbaji maji ndiyo yaliyoamriwa kwanza kutoa viumbe hai, hivyo isiwe ajabu yakitoa uhai tena. Kisha akamwona shetani katika Farao, anayewafukuza watumwa wake hadi ukingoni na kuangamia majini. Ni yeye pia aliyewaita Wakristo samaki wadogo wanaozaliwa majini, akichezea neno la Kigiriki la samaki, ikhthus, ambalo herufi zake zilisomwa kuwa kifupisho cha jina na vyeo vya Yesu Kristo.

Kabla ya Tertuliani zilikuwapo sauti nyingine. Didakhe, kijitabu cha mafundisho kinachodhaniwa kuwa cha mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, ambacho nakala yake iligunduliwa na Philotheos Bryennios mjini Konstantinopoli mwaka 1873, kinaelekeza ubatizo ufanyike katika maji yaliyo hai, na yakikosekana yatumike mengine, baridi au hata ya moto, na yakiwa haba yamwagwe kichwani mara 3. Maji yaliyo hai ni usemi wa kawaida wa Kiyahudi na Kigiriki kwa maji yanayotiririka. Lakini ukishaingia kanisani hauwezi tena kubaki usemi wa kawaida tu. Yustino Mfiadini, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza kwamba ubatizo uliitwa mwanga kwa sababu akili za wanaojifunza mambo hayo hutiwa nuru, na anaongeza wazo lenye kina kuhusu kuzaliwa: mtu huzaliwa mara ya kwanza bila kuulizwa, kwa lazima na bila kujua, ilhali mara ya pili huzaliwa kwa hiari na kwa kujua. Yustino hapa anaitazama sitiari mahali inapoachana na jambo inalolieleza, na mahali hapohapo ndipo anapopata fundisho lake.

Mahali ambapo picha hizi zinaweza kuonekana kwa macho ni Dura-Europos, mji wa mpakani ulio kando ya mto Frati nchini Siria, ulioharibiwa na Waajemi wa ufalme wa Sasani karibu mwaka 256 na kufukuliwa katika karne ya 20. Nyumba moja ya kawaida ilikuwa imegeuzwa kuwa kanisa, na chumba chake kimoja kiliwekewa birika la ubatizo chini ya paa dogo lililobebwa na nguzo. Juu ya birika amechorwa mchungaji aliyebeba kondoo mabegani, na kwenye kona ya chini, kwa umbo dogo zaidi, wamo Adamu na Hawa. Kwenye kuta, aliyepooza ameinua kitanda chake anaondoka, na Petro anajaribu kutembea juu ya maji. Mchoro mkubwa kuliko yote unaonyesha wanawake walioshika mienge wakikiendea kitu cheupe kikubwa ambacho watafiti wengi wamekisoma kuwa jeneza la mawe la Yesu asubuhi ya Pasaka, wakati wengine, akiwamo Michael Peppard, wamewaona wanawake hao kuwa ni wanawali wenye busara wanaoelekea arusini. Kwamba wataalamu wanaweza kubishana kama mbele ya wanawake wale pana kaburi au pana chumba cha bwana arusi kunaonyesha jinsi picha hizo mbili zilivyokuwa zikiishi jirani katika maji yaleyale. Michoro hiyo sasa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Ushuhuda ulio tajiri kuliko wote unatoka Yerusalemu ya karne ya 4, katika mahubiri 5 yaliyotolewa kwa waliobatizwa karibuni, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya askofu Sirili na ambayo baadhi ya wataalamu humpa mrithi wake, Yohane. Utaratibu wa Yerusalemu ulikuwa kwamba mtu hubatizwa kwanza katika Mkesha wa Pasaka, kisha katika siku zinazofuata huelezwa alichofanyiwa, kwa imani kwamba maneno huingia vizuri zaidi mwili ukishapita njia yenyewe. Mbatizwa alisimamishwa katika ukumbi wa nje akiangalia magharibi, upande wa giza linakozama jua, akanyoosha mkono na kumkana shetani kama aliyesimama mbele yake; kisha akageuzwa mashariki, upande wa bustani ya Edeni na wa mwanga. Akaingia chumba cha ndani, akavua kanzu yake na kubaki uchi, na tendo hilo likasomwa kwa pamoja kuwa ni kuvua utu wa kale, kushiriki uchi wa Kristo msalabani, na kurudi katika hali ya Adamu ambaye hakuona haya. Akapakwa mafuta tangu utosini hadi miguuni, akiwa tawi la mzeituni mwitu linalopandikizwa kwenye mzeituni mwema. Ndipo aliposhikwa mkono na kupelekwa kwenye birika, kama Kristo alivyochukuliwa kutoka msalabani hadi kaburini, na kaburi ambalo Wakristo wa Yerusalemu waliliheshimu lilikuwa katika eneo lilelile la kanisa lililojengwa na Kaisari Konstantino na kuwekwa wakfu mwaka 335.

Alizamishwa mara 3 kwa siku 3 za kaburini. Mhubiri anawakumbusha wasikilizaji kwamba ndani ya maji hawakuona kitu, kama watu wa usiku, na walipotoka walijikuta mchanani. Halafu anatamka neno ambalo ni kilele cha mahubiri yote, kwamba kwa wakati uleule walikufa na wakazaliwa, na kwamba maji hayo yalikuwa kwao kaburi na mama pia. Kitabu cha Mhubiri kinataja wakati wa kuzaliwa na wakati wa kufa. Mhubiri wa Yerusalemu anaupindua mpangilio huo, akisema kwamba kwao wakati wa kufa na wa kuzaliwa ulikuwa mmoja. Askofu huyo hakuwa mtu wa kuchanganya mambo, kwa kuwa anaeleza waziwazi kwamba wabatizwa hawakufa kweli, wala hawakuzikwa kweli, wala hawakusulubiwa kweli, bali waliiga hayo kwa mfano, ilhali wokovu walioupata haukuwa mfano bali ulikuwa wa kweli. Ni vigumu kupata katika maandishi ya kale maelezo bora kuliko hayo kuhusu kazi ya sitiari ndani ya ibada, kwamba mtu hupita katika mfano na kutoka akiwa na kitu halisi mkononi.

Upande wa Siria, katika makanisa yaliyotumia lugha ya Kisiria, tumbo la uzazi lilipendwa kuliko kaburi. Efrem, shemasi na mtunzi mkubwa wa tenzi aliyefariki Edessa mwaka 373, aliliona tumbo la Mariamu na tumbo la mto Yordani kuwa ndugu, kwa kuwa Kristo alitoka katika yote mawili. Efrem pia alilitumia sana vazi. Adamu na Hawa walivaa vazi la utukufu peponi wakavuliwa kwa dhambi. Kristo aliposhuka Yordani aliliacha vazi hilo ndani ya maji. Na kila anayebatizwa huliokota humo na kulivaa. Askofu Theodori wa Mopsuestia, aliyeandika kwa Kigiriki, naye aliuona ubatizo katika kazi ya mfinyanzi, ambaye chungu kikiharibika kabla ya kuchomwa anaweza kukirudisha katika maji na kukifinyanga upya, lakini kikishapita motoni hakitengenezeki tena.

Waashi walizisikia hotuba hizo. Mjini Roma, katika nyumba ya ubatizo ya Laterano, Papa Sixtus wa Tatu (432 hadi 440) aliweka shairi la Kilatini lililochongwa kwenye mawe likimsifu Mama Kanisa anayezaa majini watoto waliotungwa kwa Roho. Milano, mahali askofu Ambrosi alipombatiza Agostino usiku wa Pasaka mwaka 387, nyumba na birika vilijengwa kwa pembe 8, kwa kuwa siku ya 8, ile inayofuata Sabato, ni siku ya ufufuko na mwanzo wa uumbaji mpya. Misingi yake ingali chini ya kanisa kuu la mji huo. Kisima kinachogusa moyo kuliko vyote kiko Sbeitla, Tunisia, katika magofu ya kanisa linalojulikana kwa jina la Vitalis. Kimechimbwa kwa umbo refu lenye mikunjo laini, kikatandazwa vipande vidogo vya mawe ya rangi, na watafiti kadhaa wamekiona kuwa na umbo la njia ya uzazi ya mwanamke. Ngazi za kushukia ziko ncha moja na za kupandia ziko ncha ya pili, hivyo aliyeingia hakuweza kutokea alikoingilia bila kugeuka nyuma.

Sitiari zenye nguvu kiasi hicho zilikuwa na gharama. Kuoshwa, ambako hakuonekani kuwa na madhara, kulizaa desturi ya kuahirisha ubatizo, kwa kuwa watu walihesabu kwamba ikiwa maji huosha dhambi zote mara moja tu, busara ni kungoja uchafu umalizike kwanza. Konstantino alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa, na Agostino anasimulia kwamba ubatizo wake uliahirishwa utotoni kwa hofu kwamba akijichafua baada ya kuoshwa hatia itakuwa kubwa zaidi. Gregori wa Nazianzo, akihubiri Konstantinopoli mwaka 381, aliipiga vita desturi hiyo kwa kuyataja majina mengi ya ubatizo, zawadi, neema, mwanga, upako, vazi, kuoshwa na mhuri, akieleza sababu ya kila jina. Hakulifuta jina lililoleta madhara. Alilizungushia mengine, na kulitumia la mhuri kama silaha, kwa hoja kwamba kondoo aliyetiwa alama si rahisi kuibwa, lakini asiye na alama wezi humchukua bila hofu.

Mhuri, kwa Kigiriki sphragis, lilikuwa jina la alama waliyotiwa mifugo na watumwa kuonyesha ni mali ya nani, na la chapa ya mwilini mwa askari wa Roma. Lilipokutana na sitiari ya uzazi, yalizuka mabishano ambayo hayajaisha hadi leo. Katika miaka ya 250, swali lilikuwa hili: mtu aliyebatizwa na kundi lililojitenga na Kanisa, akirudi, abatizwe upya? Sipriano, askofu wa Karthago, alijibu kwa lugha ya uzazi. Kanisa ni mama na ni bibi arusi mmoja wa Kristo; asiyekuwa bibi arusi hawezi kumzalia Mungu watoto; basi waliobatizwa nje hawajazaliwa bado. Maaskofu 87 waliokutana Karthago mwaka 256 walikuwa upande wake, na Stefano, askofu wa Roma, akakataa katakata, akishika desturi ya kuwawekea mikono tu. Zaidi ya miaka 140 baadaye Agostino, Mwafrika mwenzake aliyemheshimu sana Sipriano, aliufungua mjadala upya dhidi ya Wadonati, kundi la Wakristo wa Afrika Kaskazini lililojitenga, kwa kubadili sitiari. Askari akitoroka jeshini chapa yake haifutiki, na akirudi hapigwi nyingine; anaadhibiwa au anasamehewa, lakini chapa ni ileile, kwa sababu ni ya mfalme na si ya askari. Wala hakuikimbia sitiari ya Sipriano, kwani aliingia ndani yake na kukumbusha kwamba katika nyumba za Ibrahimu na Yakobo walizaliwa watoto kwa wajakazi pia, na mbegu ilikuwa ya baba yuleyule.

Mabishano haya yanamhusu moja kwa moja msomaji wa Dodoma, Kisumu au Bukavu anayewaona ndugu na jirani wakihama dhehebu. Makanisa yanayobatiza kwa kuzamisha wale tu wanaoungama imani wenyewe, kama ya Wabatisti na Waadventista Wasabato, yameishika kwa nguvu picha ya maziko, na kwa mantiki ya picha hiyo maji machache kichwani mwa mtoto mchanga hayazamishi mtu. Wakatoliki wameishika chapa ya Agostino. Ndiyo maana mtu aliyebatizwa katika Kanisa la Kilutheri kwa maji na kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, akiomba kupokelewa katika Kanisa Katoliki, habatizwi tena. Anaungama imani na kupakwa krisma, yaani mafuta matakatifu ya kipaimara, kwa kuwa alama aliyotiwa siku ile ya kwanza inahesabiwa kuwa bado iko juu yake.